Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Magongo ya Barafuni Nchini Kenya, Juu ya Makocha wa Kujitolea wa Watoto

Kwa waheshimiwa viongozi wa shirikisho linalosimamia michezo ya barafuni, kwa Waziri mwenye dhamana ya michezo, na kwa Msajili wa Michezo,

Naomba wasaa wenu mnisikilize katika jambo ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, kwa kuwa watoto wanaocheza magongo ya barafuni katika nchi yetu ni wachache, lakini kwa batini yake ni kubwa, kwa kuwa watoto hao tumewatia mikononi mwa watu wazima wasiopokea ujira wowote, waendao uwanjani kwa mapenzi yao, na mapenzi, hata yakiwa safi namna gani, hayajapata kuwa hati ya kukabidhiwa mtoto wa mtu.

Haja yangu ni moja, nami naitanguliza mapema asije mtu akaitafuta hadi mwisho wa waraka: kwamba kila mwalimu wa kujitolea achunguzwe na kufunzwa kabla hajakanyaga barafu pamoja na watoto, na kwamba gharama ya uchunguzi na mafunzo hayo isitoke mfukoni mwake. Sehemu hizi mbili haziachani. Akija mtu akawaambieni kwamba tuanze na ya kwanza, ya pili tutaitazama fedha zikipatikana, tafadhali msimsikilize, na sababu zake nitazieleza.

Mnajua kuliko mimi jinsi mchezo huu ulivyofika hapa. Uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, nao ulikuwa wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Wageni waliozoea baridi wakaanza kucheza, vijana wetu wakatazama, kisha wakaingia, hata ikapatikana timu ya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilisafiri hadi Canada ikavaa jezi kamili na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, watu ambao vijana wale walikuwa wakiwaona katika runinga tu. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, ambalo wengi hulijua kwa herufi zake, IIHF. Katika Afrika walikuwa wametutangulia Afrika ya Kusini, Morocco, Algeria na Tunisia. Heshima hiyo ilileta furaha, na ilistahili kuileta. Lakini heshima ya namna hii huja na taklifu, na taklifu ya kwanza, kwa rai yangu, si kutafuta medali. Ni kuwalinda wale watoto ambao sasa watamiminika kwa sababu wameona kaka zao wamefika.

Na kumiminika watamiminika. Yeyote apitaye katikati ya jiji siku ya Jumapili, katika viwanja vya kuegesha magari ambavyo siku za kazi havina nafasi hata ya kuweka mguu, ataona watoto wa miaka sita na saba wakizunguka kwa viatu vya magurudumu, wengine viatu vimewazidi miguu, wengine wameazimana mmoja mmoja, na wepesi wa miili yao utamwambia kwamba hapo ndipo watakapotoka wachezaji wa kesho. Mtoto aliyekwisha kujua kusimama juu ya magurudumu hahitaji siku nyingi kujua kusimama juu ya chuma.

Naomba sasa mnifuate hadi kwenye benchi la kuvalia, kwa maana wengi wanaotunga kanuni za michezo hawajapata kukaa hapo. Mtoto mdogo hawezi kujifunga mwenyewe viatu vya barafuni. Kamba ni ndefu, ngozi ya kiatu ni ngumu, na kiatu kisipobanwa vizuri kifundo cha mguu hulala upande na mtoto hana atakachojifunza siku hiyo isipokuwa maumivu. Basi mwalimu hupiga magoti mbele yake, akaushika mguu, akaugonga kisigino chini ili ukae nyuma ya kiatu, akailegeza kamba vidoleni, akaikaza kwa nguvu pale juu ya kifundo, akafunga. Kisha akaitazama kofia ngumu kama imekaa sawa juu ya nyusi, akapitisha kidole kati ya ukanda na kidevu. Mara nyingi mzazi hayupo: ameketi upande wa pili wa kioo, au yuko kazini, au amemtuma dada wa nyumbani. Katika dakika hizo chache mtu mzima anamgusa mtoto asiyekuwa wake, katika chumba chenye mlango, na mtoto anamwamini kabisa, kwa sababu huyu ndiye atakayempeleka barafuni. Mimi hufanya kazi hiyo na naipenda. Ndiyo maana nasema mtu asipewe nafasi hiyo kwa kuwa tu amejitokeza.

Nchi zilizozaa mchezo huu ziliyajua haya kwa uchungu. Huko Canada, Sheldon Kennedy, mchezaji aliyefika hadi ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, alijitokeza akasema hadharani kwamba kocha wake wa ujanani, Graham James, alimdhulumu kingono kwa miaka. Na mwaka 1997 kocha huyo akahukumiwa kifungo. Alikuwa mtu wa kusifiwa, mwenye vikombe, ambaye wazazi waliona ni bahati watoto wao kumfikia. Kweli hakuwa mwalimu wa kujitolea, bali wa kulipwa, na aliwafunza vijana, si watoto wa miaka saba, nami silisemi hili ili kuwatia doa wanaojitolea. Nalisema kwa sababu linavunja ile dhana iliyokaa vichwani mwetu kwamba mtu mwovu tutamtambua kwa sura yake. Kennedy mwenyewe mwaka 1998 alivuka Canada yote, pwani hadi pwani, juu ya viatu vya magurudumu, ili watu wazungumze jambo ambalo walikuwa wakilinyamazia, na baadaye akashiriki kuanzisha mafunzo ya kuheshimiana michezoni ambayo leo maelfu ya makocha wa watoto huko hutakiwa kuyapitia kabla hawajaanza kazi.

Marekani nako, baada ya masaibu ya watoto wa jimnastiki yaliyoitikisa dunia, Bunge lilitunga sheria iliyotiwa saini mwanzoni mwa mwaka 2018, na chombo cha kushughulikia malalamiko ya dhuluma michezoni kilikuwa kimekwisha kufunguliwa mwaka uliotangulia. Leo hii mzazi wa kawaida wa Minnesota au Maine, fundi bomba au mwalimu wa hesabu, atakaye kusaidia timu ya watoto ya mtaani kwake, hana budi kusajiliwa na chama cha taifa, kuchunguzwa kumbukumbu zake za jinai, kusoma mafunzo ya kuwalinda watoto na kuyarudia kwa muhtasari kila mwaka, kuhudhuria darasa la ukocha la ngazi yake, na juu ya hayo kusoma somo la rika lile hasa atakalolifunza, kwa kuwa mtoto wa miaka minane hafunzwi kama kijana wa kumi na minne. Akishindwa kutimiza masharti hayo katika muda uliowekwa, haruhusiwi kusimama kwenye benchi la timu, hata kama mwanawe ndiye nahodha.

Kwetu hapa msingi upo, hatuanzi jangwani. Tuna Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliyomweka Msajili. Tuna Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Tuna cheti cha tabia njema kitolewacho na Idara ya Upelelezi wa Jinai kwa kuchukuliwa alama za vidole, ambacho mlinzi wa lango la ghala hutakiwa kukileta kabla hajapewa ufunguo. Naomba mtafakari kwa insafu: ikiwa mifuko ya saruji haikabidhiwi mtu asiye na cheti, mtoto anakabidhiwaje?

Zamani kidogo, kabla sijaujua mchezo huu, nilijitokeza kusaidia timu ya kandanda ya watoto katika mtaa niliokuwa nikiishi. Sitaitaja timu, wala waliokuwa wakiiendesha hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka na walihitaji msaada. Nikapewa filimbi. Hakuna aliyeniuliza jina langu la pili, wala kazi yangu, wala kama nimepata kufunza watoto, wala kitambulisho. Na kabla ya magharibi siku hiyo hiyo nilikuwa nimekabidhiwa watoto kadhaa niwafikishe majumbani kwao. Wakanifuata wote wakiimba. Tangu siku hiyo fikira haijanitoka: angalikuja mtu mwingine, mwenye nia nyingine, filimbi ile ile angalipewa.

Basi masharti yaandikwe, tena yaandikwe machache yanayotekelezeka. Cheti cha tabia njema, kihuishwe kila baada ya muda mtakaouweka. Barua ya watu wawili wanaomjua mwombaji. Chumba cha kuvalia kisikae mtu mzima mmoja peke yake na watoto, bali wawili au zaidi, na simu zenye kamera zisitolewe humo kwa hali yoyote. Mtoto asisafirishwe na mwalimu bila idhini ya mzazi. Na ukutani, mahali ambapo mtoto ataona bila kuuliza, iandikwe nambari 116, ile ya msaada kwa watoto ipigwayo bila malipo, na mwalimu mwenyewe ndiye awafundishe watoto kazi ya nambari hiyo.

Hayo ni ya kumchunguza mtu. Kumfunza ni jambo jingine, na hapa ndipo penye utajiri wa maarifa ambao tungekuwa wapumbavu tukiuacha. Mtu aweza kuwa mwadilifu wa kupigiwa mfano na bado akamdhuru mtoto kwa kutojua. Chukueni habari ya kugongana. Wengi waliouona mchezo huu katika runinga wanadhani kumpiga mwenzako kikumbo ndio mchezo wenyewe, na kijana aliyejitolea kufunza, akitaka kuwafurahisha watoto, huanzia hapo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, akiwemo Carolyn Emery, walilinganisha watoto wa miaka kumi na moja na kumi na miwili wa jimbo la Alberta, ambako vikumbo viliruhusiwa, na wenzao wa Quebec, ambako vilikatazwa, wakaona kwamba hatari ya mtikisiko wa ubongo kwa wale wa Alberta ilizidi mara tatu. Marekani ikaviondoa vikumbo katika michezo ya rika hilo mwaka 2011, na Canada ikafuata mwaka 2013. Nasi tunaoanza leo hatuna haja ya kuumiza watoto wetu kwanza ndipo tujifunze.

Na huo mtikisiko wenyewe, mwalimu asipofunzwa hautambui. Mtoto hakuzimia, hakutoka damu, ameinuka mwenyewe na anasema yuko sawa. Lakini anauliza mara mbili zamu ya nani, au macho yake hayatulii, au amekaa kimya asivyozoea. Kanuni iliyokubaliwa katika nchi nyingi zenye mchezo huu ni kumtoa papo hapo, asirudi siku hiyo, na asirudi siku nyingine mpaka daktari amwidhinishe. Mwalimu asiyeijua kanuni hii atamwambia mtoto awe shujaa. Hali kadhalika shingo: mwezi Oktoba mwaka 2023, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, mchezaji Adam Johnson alifariki baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu cha mwenzake wakiwa mchezoni, na Desemba ya mwaka huo Shirikisho la Kimataifa likaamuru kinga ya shingo ivaliwe katika mashindano yake yote. Kitambaa hicho ni chepesi na hakina adhama yoyote machoni pa mtoto, aghalabu atakivua kwa sababu ya joto. Mwalimu ndiye wa kukirudisha.

Nimesikia watu wakisema kwamba hatuwezi kufunza watoto ipasavyo kwa kuwa uwanja wetu ni mdogo, haufikii ule wa kimataifa wenye urefu wa mita 60. Kwa watoto, waheshimiwa, udogo huo ni neema. Tangu mwaka 2009 chama cha taifa cha Marekani kimekuwa kikihimiza mpango wa malezi ya wachezaji ambao ndani yake watoto wa miaka minane na chini hawapewi uwanja mzima, bali uwanja mkubwa hukatwa vipande kwa upana, wakacheza mahali pafinyu, kwa sababu hapo kila mtoto huifikia ile paki, yaani kisahani kinachochezewa, mara nyingi zaidi, hugeuka upesi zaidi, na hapati kukimbia peke yake akiwaacha wenziwe wakitazama. Wao hulazimika kuugawa uwanja kwa vizuizi. Sisi tumejaliwa uwanja mdogo tayari. Lakini mazoezi ya namna hiyo hufanywa kwa vituo: huku watoto watano wanajifunza kusimama, kule watano wanapasiana, pale watano wanapiga lango, na baada ya dakika chache wanabadilishana. Kila kituo kinataka mtu mzima wake anayejua anachofanya. Mwalimu mmoja hodari hawezi. Wanatakiwa kadhaa wa wastani waliofunzwa vyema, na hao hawatoki kwingine ila katika hiari za watu.

Wala uhaba wa barafu si hoja ya kutofunza. Anatoly Tarasov, aliyekuwa miongoni mwa walioujenga mchezo huu katika Muungano wa Kisovieti tangu mwaka 1946, alianza wakati ambapo barafu ya mashine ilikuwa adimu mno kwao, akawafunza wachezaji wake nchi kavu, kwa kukimbia, kuruka, kubebana na kuchezea mpira, hata akatoa timu zilizoishangaza dunia. Na baadaye akajishughulisha na mashindano ya watoto yaliyoitwa Paki ya Dhahabu, yaliyowatoa watoto mitaani na nyuani kwao. Nairobi ina ardhi kavu ya kutosha. Kinachotakiwa ni mwalimu aliyeonyeshwa namna ya kuitumia.

Sasa nafika kwenye fedha, na hapa naomba stahamala yenu kwa kuwa nitasema wazi. Anayejitolea katika mchezo huu mara nyingi ni kijana. Anatoka Kayole au Rongai, anapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, anaacha kibarua cha Jumamosi, ananunua maji ya watoto waliosahau chupa zao. Mkimwongezea ada ya cheti, ada ya darasa la huduma ya kwanza, nauli ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole, bei ya kofia ngumu na viatu vyake mwenyewe, kwa maana viatu vya kukodi havina makali ya kumwezesha kuwakimbilia watoto, mtakuwa mmemwambia kwa lugha ya adabu kwamba aende zake. Watabaki wenye uwezo. Nao si wabaya, ila hawatoshi, na watoto wa viwanja vya kuegesha magari watakosa kuona mbele yao mtu aliyetoka walikotoka wao. Hiyo ndiyo sababu nilisema sehemu mbili za haja yangu haziachani: sharti lisilokuwa na fungu la fedha nyuma yake litawafukuza wale wale tunaowataka, na baada ya miezi michache, watoto wakiwa wengi na walimu hakuna, sharti lenyewe litalegezwa kimyakimya, na tutarudi kwenye ile filimbi.

Fungu hilo si kubwa, kwa kuwa walimu wenyewe si wengi, na mahali pa kulitafuta papo. Kuna Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Kuna Chuo cha Michezo cha Kenya, chenye wajibu wa kukuza vipaji kwa mujibu wa sheria. Kuna Mshikamano wa Olimpiki, ambao kupitia kamati za taifa hugharimia kozi za makocha. Shirikisho la Kimataifa, ambalo sasa ni letu pia, lina mpango wa kuwafunza watoto kuanza mchezo pamoja na vitabu vya mazoezi, na mipango ya mazoezi ya Wamarekani, iliyopangwa kwa rika na kwa michoro, hupatikana bila malipo. Kinachokosekana ni mtu wa ofisini mwenye kazi hiyo kwa jina, wa kuyakusanya, kuyaandika upya kwa Kiswahili ambacho kijana wa Kayole atakisoma akiwa ndani ya matatu, na kuyafikisha. Naomba pia kabati moja la vifaa litakalokuwa mali ya walimu: viatu vya saizi mbalimbali, kofia ngumu, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza, na jiwe la kunolea, pamoja na fundi mmoja aliyefunzwa kunoa, kwa kuwa kiatu butu humwangusha mtoto na huku mwalimu akidhani mtoto ni mvivu.

Naomba kozi ya kwanza ifanyike katika likizo ya Agosti, ambapo walimu wa shule nao wako huru kuhudhuria, na orodha ya waliofuzu ibandikwe mlangoni mwa uwanja ili mzazi yeyote aweze kulinganisha jina na uso. Naomba vilevile Msajili atamke kwamba klabu itakayomweka na watoto mtu asiyekuwa katika orodha hiyo itaulizwa. Sisi tulioanza zamani tusihesabiwe kuwa tumekwisha kupita kwa sababu ya uzoefu wetu, tuanziwe sisi. Mimi na wazazi wenzangu kadhaa tuko tayari kuja siku yoyote mtakayoitaja, asubuhi, na vitambulisho vyetu, tukachukuliwe alama za vidole.

Wasalaam,

Mzazi na mwalimu wa kujitolea,
Nairobi